Miezi minne kati ya katuni na moto

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza inakuwaje mchoro wa gazetini umwage damu. Tazama tarehe kwanza, ndipo utazame mchoro.

Gazeti la Jyllands-Posten la Denmark lilichapa katuni 12 za Mtume Muhammad tarehe 30 Septemba 2005. Ubalozi wa Denmark mjini Damascus, Syria, ulichomwa tarehe 4 Februari 2006. Hasira ya ghafla haikai miezi minne ikisubiri. Oktoba, wanadiplomasia 11 wa nchi za Kiislamu waliomba kuonana na Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen, naye akakataa. Kwangu mimi, mlango ule uliofungwa ndio uliogharimu zaidi. Desemba, maimamu wa Denmark walikwenda Misri na Lebanon na faili lenye picha tatu ambazo gazeti halikuzichapa. Mojawapo ilikuwa ya mtu aliyevaa pua ya nguruwe, iliyopigwa Ufaransa kwenye shindano la kuiga mlio wa nguruwe. Haikuhusu Uislamu hata kidogo.

Usidhani kosa lilikuwa kumchora Mtume tu. Ipo michoro ya kale ya Waajemi na Waturuki inayomwonyesha, mara nyingi uso ukiwa umefunikwa. Kilichochoma zaidi ni katuni moja iliyomwonyesha akiwa amevaa kilemba chenye bomu. Mwandishi wa makala anaweza kuandika “baadhi ya Waislamu”. Mchoraji hana kalamu ya kuchora “baadhi”. Katuni hukuza alama moja, na kila mwenye alama hiyo hujiona ametajwa yeye.

Na wanaokufa kwa kawaida si wachoraji. Februari 2006 mjini Maiduguri, Nigeria, makanisa yalichomwa na Wakristo wakauawa, watu wasiohusika kabisa na gazeti lile; uhasama wa dini ulikuwepo kabla, ukapata kisingizio. Wiki hiyohiyo, waziri mmoja wa Italia, Roberto Calderoli, alionyesha katuni kwenye fulana yake katika televisheni. Siku mbili baadaye umati ulivamia ubalozi mdogo wa Italia mjini Benghazi, Libya, polisi wakafyatua risasi, watu wasiopungua 10 wakafa.

Kwa hiyo picha ya namna hiyo ikikufikia, tafuta ilichapwa lini na wapi, kama iko kamili au imeongezwa kitu, na nani anaisambaza leo. Ikiwa ni ya zamani, muulize aliyekutumia kwa nini imetoka kabatini wiki hii.

Wako daima.