Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: hiyo alama ya jinsia inatufungia kazi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mwanamke transjenda, yaani nilizaliwa nikaandikwa mwanaume lakini naishi kama mwanamke, nina diploma ya ununuzi na ugavi, na saa hii nasuka watu nywele kwa nyumba. Kusuka si kazi mbaya, mwezi ikikubali rent inatoka, lakini sikulipiwa koleji ndio nikuje kusuka rasta. Na kama ushaanza kufikiria hii ni barua ya kubishana mambo ya dini na mila, tulia, yangu ni ya makaratasi tu.

Unajua vile kazi ya ofisi inaombwa hapa kwetu. Unatuma siivii, unaitwa intavyuu, unajibu mpaka wanacheka na wewe, alafu mwisho wanasema leta kitambulisho, cheti cha KCSE, PIN ya KRA, NSSF, SHA na cheti cha tabia njema. Hapo ndio mambo huharibika. Kitambulisho kinasema mwanaume na aliyekaa mbele yao ni mwanamke. Kuna mahali bosi mwenyewe alinisalimia kwa mkono akaniambia karibu, jioni nikatuma makaratasi, kesho yake ikawa "tutakupigia" na mpaka leo simu haijalia. Kwingine hata ndani sikufika, askari wa geti alishikilia kitambulisho akisema nimeiba cha kaka yangu, watu wanapita wanaangalia, saa ya intavyuu ikapita nikiwa hapo nje. Watu wa HR wakiona jina la cheti na jina la siivii hayafanani wanajua wewe ni mkora, na siwalaumu sana juu vyeti feki vimejaa hii nchi.

Jina linabadilishika, ni kweli. Wakili anakuandikia hati, inachapishwa kwa Gazeti la Serikali, pesa inatoka kwa mfuko wako. Lakini alama ya jinsia, pale kitambulisho kinaandika mwanaume ama mwanamke, inabaki pale pale, hakuna sheria inakuambia mtu kama mimi aende dirisha gani. Sasa unaishia na jina la kike juu, mwanaume chini, na maswali yanaongezeka badala ya kupungua.

Usiniambie haiwezekani. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda kama mimi, alifanya KCSE 2001 pale Kiambu High School akapata A-, cheti kikatoka na jina la kiume, na hiyo A- yote ikawa haimsaidii kupata kazi. Akaenda kortini, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamuru baraza la mitihani, KNEC, limpatie cheti kingine chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Jaji aliona sheria hailazimishi hiyo alama iwekwe, na kuitoa hakupunguzi ubora wa cheti. Mheshimiwa, mimi hapo ndio husimama kila siku. Kama cheti cha mtihani kinaweza kukaa bila hiyo alama na bado ni cheti, fomu ya kuomba kazi ya karani inaihitaji ya nini? Tena Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret iliambia serikali itunge sheria ya kulinda watu transjenda. Bunge tunalijua lakini, tunaweza zeeka tukingoja.

Kwa hivyo sikuombi sheria. Naomba waraka, tena wa ukurasa mmoja. Waajiri wasiulize jinsia kwa fomu ya maombi isipokuwa kazi yenyewe inaihitaji, wakague kitambulisho kwa namba na alama za vidole, na mwenye hati ya Gazeti asiitwe mwizi. Tena uwaeleze maafisa wa leba kwa kaunti wapokee malalamishi yetu, juu kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa jinsia lakini hakitutaji, na ukienda pale unaulizwa "wewe unalalamika kama nani?" Hayo ya usajili najua ni ya wizara nyingine, lakini si mnakaa meza moja kwa Baraza la Mawaziri, waulize.

Na kama jibu ni hapana, lisemwe pia, tena hadharani kwa jina lako. Hii ya kuambiwa tutakupigia nishachoka nayo.

Ni mimi, msusi,
Nakuru