Usiku mmoja? Ng'ombe wawili mtalipa nyie

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu enzi nalinunua pale stendi Kigoma, hela zikikosa naazima la jirani, na sasa huku nalisoma kwenye simu, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mliwahi kuweka picha ya mchezaji wa Yanga mkaandika chini ni wa Simba, nikanyamaza. Lakini ile habari yenu ya Kurt Warner, mcheza mpira wa Kimarekani, ile mliyosema alitoka kupanga rafu za dukani hadi Super Bowl, fainali kuu ya mchezo huo, kwa usiku mmoja, hiyo imeingia mpaka mfukoni kwangu na sinyamazi.

Kwanza nijitambulishe. Naishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mji uleule aliokulia huyo Warner. Na kazi yangu ni ileile mliyoiandika kama ugonjwa aliopona. Napanga rafu supamaketi, shifti ya usiku, saa nne mpaka kumi na mbili asubuhi. Na siko peke yangu, tuko wa Uvira, wa Bujumbura, wa Kigoma, yaani ukipita kwenye njia ya nafaka saa nane za usiku utasikia Kiswahili kuliko Kiingereza.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mdogo wangu anaoa, kikao cha mahari kikapangwa kule nyumbani saa sita mchana, huku kwangu ni saa tisa usiku, nikaomba brek yangu iangukie hapo. Nimekaa kwenye kichumba cha kupumzikia, kisu cha kukatia maboksi bado kiko kwenye mfuko wa fulana, simu nimeiegemeza kwenye kopo la nyanya lililobonyea ambalo halifai tena kuuzwa, kioo cha simu kina vumbi la maboksi mpaka wazee naona nusunusu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri tu, tumefika ng'ombe wanne, mshenga anatabasamu. Ndipo baba mdogo wa binti akatoa simu yake akasema ngoja kwanza niwasomee kitu. Akasoma habari yenu. Yote. Kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Alivyomaliza akauliza, hivi huyu kaka wa muoaji si tunaambiwa yupo Iowa huko huko, na kazi yake si hiyo hiyo ya rafu? Mi ndugu zangu niliwaambia niko kwenye "usambazaji wa chakula", si uongo, chakula nakisambaza kutoka kwenye paleti kwenda kwenye rafu, ila sikutaka maelezo marefu. Kabla sijajibu mzee akamalizia, basi kama watu wa kazi hiyo wanatajirika usiku mmoja, familia hii haiwezi kutoa ng'ombe wanne, watoe sita. Na kikao kikacheka, na kikakubali! Kilio changu kwenye simu wakadhani mtandao unakata.

Ng'ombe wawili, ndugu mhariri. Kwa sababu ya maneno mawili ya mwandishi wenu.

Haya tuhesabu huo usiku mmoja. Warner alisoma chuo cha Northern Iowa kule Cedar Falls, saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, na alikaa benchi miaka mpaka mwaka wake wa mwisho ndio akaachiwa timu. Mwaka 1994 timu za ligi kuu zilipochagua wachezaji wapya, hakuna iliyomchagua. Green Bay wakamwita mazoezini, akakuta mbele yake kuna makwotabeki, yaani warushaji mpira wenzake, Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer, akakatwa hata ligi haijaanza. Akarudi Cedar Falls, akachukua kazi ya usiku ya kupanga rafu supamaketi ya Hy-Vee, dola 5.50 kwa saa, na mchana anakwenda chuoni kusaidia kufundisha. Hapo ndipo mwandishi wenu alipofunga macho, alipofumbua yuko Super Bowl. Katikati kaacha miaka mitano nzima!

Na hiyo mitano ndio yenye utamu. 1995 akaenda Des Moines kuchezea Iowa Barnstormers, ule mpira wa Kimarekani wa ndani ya ukumbi, uwanja urefu wake yadi 50 tu, nusu ya ule mkubwa, wachezaji wanane kila upande, pembeni kuna kuta zenye magodoro. Kule huna nafasi wala muda, ukishika mpira tayari mtu yuko kifuani, kwa hiyo unajifunza kuutoa mkononi haraka au unalala chini. Misimu mitatu, fainali mbili, zote kapoteza. Baadaye watu wakaanza kushangaa huyu jamaa mbona anaachia mpira haraka namna ile, wakati jibu liko Des Moines. 1997 Chicago Bears wakataka kumjaribu, buibui akamng'ata kiwiko, kiwiko cha mkono wa kurushia, tena akiwa fungate! Jaribio likapita hivyo. 1998 timu ya St. Louis Rams ikampeleka Amsterdam, ligi ya Ulaya ya mpira huohuo, akaongoza ligi kwa yadi za kurusha. Akarudi St. Louis akawa kwotabeki wa tatu. Mwanzoni mwa 1999 timu mpya ya Cleveland inaruhusiwa kuokota wachezaji ambao timu nyingine hazijawalinda, Rams wakamwacha wazi bila ulinzi, na Cleveland wakampita! Yaani alikuwa sadakani na hakuna aliyemchukua. Agosti mwaka huo ndio Trent Green, kwotabeki mwenyewe aliyeletwa kwa hela ndefu, akaumizwa vibaya goti kwenye mechi ya kirafiki, kocha Dick Vermeil machozi yanamlenga mbele ya waandishi, ikabidi wamgeukie huyu.

Septemba 12, 1999 ndio akaanza mechi yake ya kwanza. Msimu ule yadi 4,353, pasi 41 za kufungia (tachidauni), timu iliyokuwa imeshinda nne mwaka uliopita ikashinda 13. Na hata ile usiku yenyewe ya Super Bowl, Januari 30, 2000 pale Atlanta, karusha yadi 414, bado kombe lilibaki kwa sababu beki anaitwa Mike Jones alimshika mtu wa Tennessee, wapinzani wao, miguu yadi moja kabla ya mstari wa kufungia, saa imekwisha, 23 kwa 16. Mike Jones hamkumtaja. Naelewa, hakuwahi kupanga rafu.

Halafu mmemwita "mshambuliaji". Jamani! Kwotabeki si Samatta. Ni mtu anasimama nyuma, anapewa mpira kupitia katikati ya miguu ya mwenzake, ana kama sekunde tatu hivi za kuangalia nani yuko huru huku majitu ya kilo 130 yanamjia, na akikosea mpira unakwenda kwa adui. Mtu wa namna hiyo mnasema bahati imemwangukia.

Na mlivyomalizia na kombe mkaacha mengine. Alinyang'anywa namba St. Louis akapewa Marc Bulger, akaenda New York akanyang'anywa akapewa mtoto Eli Manning, akaenda Arizona akawekwa nje tena kwa ajili ya Matt Leinart. Mara tatu anarudishwa benchi, na bado Februari 2009 akiwa na miaka 37 akawapeleka Arizona Super Bowl, wakafungwa na Pittsburgh 27 kwa 23. Ukumbi wa Heshima wa mpira huo wakamwingiza 2017. Ila hilo haliwezi kukaa kwenye "usiku mmoja" kwa hiyo likatupwa.

Na hapa nitoke kidogo nje ya mada, maana najua ugonjwa umeanzia wapi. Rudini muangalie huo ukurasa wenyewe. Pembeni ya habari ya Warner kuna nini? Tangazo la kubeti, kubwa kuliko habari yenyewe, linasema weka buku amka milionea. Sasa mwandishi atajuaje kuhesabu miaka mitano wakati jirani yake kwenye karatasi anahesabu dakika 90? Ukurasa wa michezo siku hizi ni mikeka tu, utabiri wa mechi saba, odi, nani kashinda kutoka Mbagala, mpaka matokeo ya ligi za chini unayatafuta kwa tochi. Mpwa wangu mmoja ananiomba hela kila Ijumaa, nikadhani ni nauli ya chuo, kumbe ni mkeka, nikimuuliza kazi umetafuta wapi ananiambia anko subiri, ni usiku mmoja tu. Lugha yenu hiyo hiyo! Na wale wa semina za kufanikiwa nao wameshaichukua habari yenu, nimeshatumiwa mara tatu kwenye magrupu, jamaa kavaa suti anapiga kelele "alikuwa anapanga makopo!" kama vile anasema alikuwa anaiba. Makopo nayapanga kila siku, nembo mbele, ya zamani mbele mapya nyuma, theluji iko nje magotini, na kodi ya nyumba ya mama inatoka humo humo. Sijaona pa kupiga kelele.

Sisemi Warner mwenyewe alipenda rafu, angependa angebaki. Ila zile zilikuwa usiku nyingi, ndugu mhariri, na asubuhi yake mtu anakwenda uwanjani na macho mekundu.

Sasa nataka nini. Masahihisho nayataka, lakini si yale ya mistari miwili chini ya vifo na tanzia. Yawe saizi ya lile tangazo la kubeti, pembeni yake, na yaandikwe kwa tarakimu: 1994 hadi 1999. Mwandishi wenu akipata viza namkaribisha Cedar Rapids, wiki moja tu, paleti nne kwa usiku, glovu nitamwazima, na njia ya vinywaji nitamwachia yeye maana katoni za soda ndio zinafundisha.

Na ng'ombe wawili wa nyongeza ni wenu. Kikao cha kukabidhi ni mwisho wa mwezi ujao, mshenga anaijua ofisi yenu, atapita. Ng'ombe awe na kovu asiwe na kovu, mradi amechanjwa. Kama bajeti ya gazeti ni ngumu, nitapokea mmoja na ndama, na baba mdogo wa binti mtamweleza wenyewe.

Mpanga rafu wa zamu ya usiku,
Cedar Rapids, Iowa