Barua kwa khalati wangu: lia tu, thawabu yako iko palepale

Asalam aleikum khalati, dada wa mamangu, nakubusu mkono. Nakuandikia hapa wazi makusudi, sababu najua kina mama wengine wako vitandani huko Lamu, Langoni mpaka Shela, na wanaambiwa hayo hayo unayoambiwa wewe.

Nimesikia wanakuja kukutazama halafu wanakwambia maradhi ya figo ni kafara ya madhambi, wanakukodolea macho kama wangoja uyataje. Kafara ni kweli, Mtume s.a.w. kasema Muislamu hapati tabu wala huzuni, hata mwiba ukimchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia makosa yake kwa hilo. Lakini hiyo ni bishara jamani, wao wameigeuza mashtaka! Na alipoulizwa kina nani wana mitihani mizito zaidi alijibu Mitume, halafu wanaowafuatia kwa wema. Sasa Nabii Ayubu alikuwa na dhambi gani?

Na wanaokwambia usilie utapunguza thawabu, Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe, akasema namshtakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu, iko kwenye Surat Yusuf. Mtume mwenyewe alilia mwanawe Ibrahim alipofariki.

Ila lililoniuma zaidi ni uliposema huna faida tena, huendi darsa, maulidi ya msikiti wa Riyadha yanapita wewe uko ndani. Wewe khalati, uliyetusomesha juzuu nyumba nzima! Sikiza, iko hadithi kwa Bukhari kwamba mja akiugua au akisafiri anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima yuko kwake. Yaani saumu zako za Jumatatu na Alhamisi, darsa, kile kisimamo cha usiku, ile swala ya usiku, ulichokuwa huachi hata mvua inyeshe, vyote vyaandikwa mpaka leo na wewe umelala hapo, na huo uchungu una ujira wake juu yake, wenye subira wameahidiwa malipo bila hesabu.

Sasa hili la kukataa kurudi Mombasa kusafishwa damu eti ndo kutawakali, kumwachia Mungu, hapana khalati wangu, nakuomba. Mtume kasema jitibuni, Mungu hakuteremsha ugonjwa ila kauteremshia na dawa yake. Najua safari inachosha, boti mpaka Mokowe kisha basi mchana kutwa na mgongo unauma. Tiketi ya Jumapili ishakatwa, mie n'takungoja stendi na kiti cha magurudumu.