Barua ya Wazi kwa Waziri wa Makumbusho wa Uingereza: Waruhusuni Wazee Waketi Ndani ya Ndege Zao

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima tunakuandikia sisi wahudumu wa wazee wenye asili ya Afrika Mashariki, pamoja na wenzetu wa karakana wanaohifadhi ndege za vita. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Uingereza viti vya magurudumu vya wazee hawa mara nyingi husukumwa na wenzetu, nao ndio huambiwa wageuze kiti warudi walikotoka.

Wiki hii imetokea tena. Mzee aliyekuwa mpiga bunduki wa nyuma katika Lancaster, ndege ya mabomu ya Vita ya Pili ya Dunia, amezuiwa kwenye kamba ya makumbusho, hatua chache tu kutoka mlangoni mwa ndege, na jibu ni lile lile: sheria za usalama haziruhusu. Sheria ipi, Mheshimiwa? Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974 inataka hatari ipunguzwe kadiri inavyowezekana. Haisemi mlango ufungwe. Kanuni za Usimamizi wa Afya na Usalama Kazini za 1999 zinataka tathmini ya hatari: mtu aandike kipi kinaweza kudhuru na kitazuiwa vipi. Sheria ya Usawa ya 2010 inataka mlemavu afanyiwe marekebisho yanayowezekana. Tunavyohisi sisi, kinachozungumza hapo ni hofu ya bima, na pengine uzito wa kuandika karatasi.

Basi karatasi hiyo tusaidiane kuiandika.

Hatudai lisilowezekana. Kwenye Lancaster, mlango uko ubavuni kulia, karibu na mkia. Kufika kwa rubani ni lazima uvuke mihimili ya mabawa inayokatiza ndani ya kiwiliwili cha ndege, na mzee mwenye nyonga ya bandia hatauvuka ule mkubwa. Hata kibanda cha bunduki cha nyuma kinaingiwa kwa kujiburuta juu ya mhimili wa mkia. Asilazimishwe. Lakini kumwingiza hadi hapo mlangoni, akakalishwa kwenye kiti imara, akaweka mkono kwenye mbavu za ndege na kutazama kule alikokaa usiku kucha, kunahitaji jukwaa lenye reli pande zote mbili na watu watatu waliofunzwa.

Spitfire, ndege ya kivita ya rubani mmoja, ina kimlango upande wa kushoto. Mguu ukanyage sehemu ya bawa iliyoimarishwa tu, kamwe si kwenye flapu, ile sehemu ya nyuma ya bawa inayoshuka. Shida kubwa huwa wakati wa kutoka. Kiti kimetengenezwa kama beseni ili parachuti ikae ndani yake, kwa hiyo mtu asiye na parachuti huzama, na magoti ya mzee hayana nguvu za kumtoa humo. Jazeni beseni hilo kwa sponji ngumu kabla hajaingia, mfungeni mkanda wa kushikia kiunoni, na jaribuni kwanza njia ya kutokea kwa kumtumia mfanyakazi anayejilegeza. Akishatoka, aketi ukingoni dakika mbili kabla ya kusimama, kwa sababu shinikizo la damu huporomoka na hapo ndipo wazee wengi huanguka. Ngozi ya mtu wa miaka 98 huchanika kwa kuguswa tu na ukingo wa bati, na akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kidonda kidogo hakikauki upesi. Viringisheni kingo zote kwa sponji ya mabomba. Mvalisheni mikono mirefu.

Dakota, ndege ya kubeba mizigo na askari, ndiyo rahisi kuliko zote. Mlango wake wa mizigo ni mpana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu kutoka kwenye lifti ya jukwaa. Kumbukeni tu kwamba inasimama mkia chini, sakafu imeinama, hivyo breki peke yake hazitoshi: wekeni kabari nyuma ya magurudumu. Ndege hii inatuhusu hata sisi. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita Bonde la Kabaw huko Burma chini ya mvua za monsuni na barabara kugeuka matope, askari wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walikula kilichodondoshwa na ndege kama hizi.

Mtatuambia kuhusu radiamu, madini yenye mionzi yaliyopakwa kwenye vipimo vya chumba cha rubani ili ving'ae gizani. Ni kweli, ipo, na haijaisha hata kama rangi haing'ai tena. Hatari yake kubwa ni vumbi la rangi iliyobanduka na gesi ya radoni inayojikusanya mahali palipofungwa. Vioo vikiwa vizima, chumba kikafunguliwa kupitisha hewa mapema, mzee akakaa robo saa na kunawa mikono, linabaki la kumtisha nini mtu wa umri huo? Asbesto ipimwe kabla. Betri itenganishwe, pini za magurudumu ziwekwe, na kwenye ndege za jeti viti vya kurusha rubani viwe vimeondolewa baruti.

Mheshimiwa, takriban watu 125,000 walihudumu angani katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza vita ile, na 55,573 hawakurudi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa 1926. Hesabu mwenyewe muda uliobaki. Agano la taifa kwa askari wake mmeliandika katika Sheria ya Majeshi ya 2011, na kila Novemba mnavaa ua jekundu mkiahidi hamtawasahau.

Tunaomba waraka mmoja kutoka ofisini kwako kwenda makumbusho zote zenye ndege: mzee wa vita akiomba kuketi, afanyiwe tathmini yake mwenyewe ndani ya siku saba, na anayemkatalia aandike sababu na kutia saini. Siku saba, si msimu ujao. Msimu ujao wengine hawatakuwepo.

Wako watiifu,
Wahudumu wa wazee na wahifadhi wa ndege, Uingereza