Transista hupima joto, ila isahihishwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niwasihi wanaowafundisha vijana kutengeneza vifaa vya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa) wasiiruke transista ya kawaida wanapofika kwenye somo la kupima joto. Mara nyingi mwanafunzi hukabidhiwa kihisio kilichokamilika, akanakili programu, akaona namba kwenye skrini, na somo likaishia hapo bila yeye kujua namba hiyo imetokana na nini.

Transista ndogo ya silikoni, kama vile 2N3904 au BC547, ina miguu mitatu: kolekta, beisi na emita. Ikiunganishwa kolekta na beisi huwa sawa na diodi, yaani kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ikipitishiwa mkondo mdogo, volteji kati ya beisi na emita huwa karibu volti 0.6, nayo hupungua kwa takriban milivolti 2 kila joto linapopanda kwa nyuzijoto 1 ya Sentigredi. Rezista (kijenzi cha kupunguza mkondo) ya kiloomu 47 kutoka kwenye umeme wa volti 5 hutoa mkondo wa karibu maikroampia 94, na huo unatosha. Wapo wanaoongeza mkondo hadi miliampia 10 wakitumaini kupata usomaji uliotulia, kumbe hapo transista huanza kujipasha yenyewe, ikawa inapima joto lake badala ya joto la hewa inayoizunguka.

Maikrokontrola nayo ina mipaka yake. Arduino Uno, bodi ya maikrokontrola ya kujifunzia, hugawa volti 5 katika hatua 1,024, kwa hiyo kila hatua ni karibu milivolti 4.9, yaani zaidi ya nyuzijoto 2, na kijana anayeona namba zikirukaruka huilaumu transista bure. Akitumia volteji ya rejea ya ndani (kiwango cha juu kinachogawanywa katika hatua hizo), ambayo ni volti 1.1 badala ya 5, kila hatua hushuka hadi karibu nusu nyuzijoto.

Ninalolisisitiza hasa ni usahihishaji. Transista mbili za namba moja, hata zilizotoka katika mfuko mmoja, huweza kutofautiana kwa milivolti kadhaa, na tofauti ya milivolti 10 pekee ni kosa la nyuzijoto 5. Mwanafunzi aizibe miguu ya transista isiguse maji, aitumbukize katika barafu inayoyeyuka, aandike volteji aliyoisoma, kisha arudie katika maji ya moto akiwa na kipimajoto anachokiamini. Asitegemee mchemko peke yake, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzijoto 100 usawa wa bahari tu, na kadiri mahali palivyoinuka ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Vipimo hivyo viwili ndivyo viingizwe kwenye programu, wala si ile milivolti 2 iliyonakiliwa kitabuni.

Ipo pia njia ya kupitisha mikondo miwili kwa zamu, mmoja ukiwa mara 10 ya mwingine, na kupima tofauti ya volteji zake. Tofauti hiyo hukaribia milivolti 60 kwenye nyuzijoto 27 na haiathiriwi sana na hitilafu za transista moja na nyingine, ndiyo maana hutumika kupima joto ndani ya prosesa za kompyuta. Hata hivyo, hubadilika kwa milivolti 0.2 tu kwa kila nyuzijoto, kiasi ambacho Arduino Uno haiwezi kukiona bila kikuza mawimbi, kwa hiyo ningeiacha hadi mwanafunzi awe ameimudu ile ya barafu na maji ya moto.

Wako,
Mwalimu wa elektroniki