Wamarekani na kura ya Jumanne

Mhariri,

Makala yenu ilidai Mmarekani hurithi chama kwa wazazi kama jina la ukoo, na asiyepiga kura ni mvivu. Kweli kiasi, ila mmeisahau Jumanne. Sheria ya 1845 iliweka uchaguzi wa rais siku hiyo ya Novemba, enzi za wakulima na magari ya farasi. Hadi leo si sikukuu ya kitaifa. Hapa Minnesota nilipanga foleni saa moja asubuhi, nyuma ya muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini. Karatasi ilijaa mbele na nyuma: rais, majaji, hata bodi ya shule. (Majaji sikumjua hata mmoja.) Angalau huku unajiandikisha palepale kituoni. Texas mwisho wa kujiandikisha ni siku 30 kabla ya uchaguzi, na wanaochelewa ndio mnaowaita wavivu.

Msomaji wenu,
Minneapolis