Malalamiko kuhusu kitabu chenu cha katuni cha safari za Ibn Battuta

Mwalimu wa Historia,
Kilwa Masoko.
12 Mei 2025

Meneja wa Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: UPOTOSHAJI KATIKA KURASA ZA 39 HADI 46

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Februari mwaka huu niliagiza kwenu nakala 30 za kitabu cha katuni kinachosimulia safari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, kwa shilingi 12,000 kila nakala, kwa ajili ya klabu ya historia ya shule yetu. Jalada la nyuma linaahidi kwamba kila ukurasa umetokana na maelezo ya msafiri mwenyewe. Niliiamini ahadi hiyo nikawaambia wanafunzi hivyo hivyo, na sasa nalazimika kuwaambia kwamba kurasa nane zinazohusu mwambao wetu hazikutoka kwake.

Sina ugomvi na kitabu kizima. Kijana wa miaka 21 anavyoiaga Tangier mwaka 1325, peke yake, bila hata mwenzi wa kupunguziana upweke, amechorwa kwa utulivu mkubwa. Hata Mogadishu mmeitendea haki, kwa kuwa sinia la wali wa samli lipo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa zipo, na hata achari ya malimau haikusahauliwa. Aliyechora ukurasa ule alikuwa amesoma.

Shida inaanza chombo kinapotia nanga Kilwa. Kasoro ya kwanza iliibuliwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kwao ni Kisiwani na ambaye akienda nyumbani huvuka kwa mashua. Aliweka kidole juu ya jumba la sultani katika ukurasa wa 41, akaniuliza, "Mwalimu, si Gereza hii?" Nilipovaa miwani nikaona kweli ni Gereza, ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani, na mnara wake wa mviringo, kama inavyoonekana ukiwa bado kwenye mashua. Sehemu kubwa ya ngome hiyo ni ya enzi ya Waomani, nayo imesimama palipokuwa na ngome ya Wareno ya mwaka 1505, yaani miaka 174 baada ya mgeni wetu kufika mwaka 1331. Mbele ya ngome hiyo mmewachora wanawake wakipukuchua mahindi, zao la Amerika ambalo wakati huo hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kuliona.

Makosa hayo yangesahihishwa kwa kalamu darasani. Lisilosahihishika ni sultani mwenyewe. Mmemvika ngozi ya chui, mkampa mkuki, na katika kurasa zote nane hasemi neno lolote isipokuwa kumshangilia mgeni anayemuua simba uani. Simba huyo hayumo katika simulizi ya Ibn Battuta. Aliyemo ni Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Mtu aliyekaa kula na mafakiri na kuwaheshimu wanazuoni, na ambaye jumba lake la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, magofu yake yapo hadi leo juu ya jabali linalotazama bahari.

Msafiri anaeleza kisa kimoja alichokishuhudia. Siku ya Ijumaa sultani alikuwa akitoka msikitini kurudi nyumbani, akasimamishwa na fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, mhubiri wa msikiti, akabadilisha nguo, akamkabidhi zile alizovua. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo lile, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Humo mna ucheshi, mna fahari, na mna ukatili wa zama zile ambao mwalimu hapaswi kuuficha, maana binadamu ishirini walitolewa kama mtu anavyotoa bakshishi. Mkiwa na kisa hicho mkononi, simba wa nini?

Ningependa pia kutaja kwamba msafiri anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, ilhali sisi tunakanyaga magofu ya mawe ya karne hiyo hiyo, na wataalamu wamelijadili hilo kwa muda mrefu. Mchoraji makini angeweza kutumia hata ukurasa mzima kwa utata huo peke yake, na wanafunzi wangu wangebishana wiki nzima.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 360,000 nikirejesha nakala zote kwa gharama yangu, au nipatiwe nakala za toleo lililorekebishwa, na hadi toleo hilo litakapotoka ile ahadi ya jalada la nyuma iondolewe. Nipo tayari kusoma rasimu ya kurasa hizo bila malipo, na mchoraji wenu akipenda kufika, nitamvusha mwenyewe hadi Kisiwani akachore akiwa mbele ya magofu.

Ibn Battuta anaeleza kuwa Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye kila alipojiwa na mwombaji alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Barua yangu ya tarehe 3 Machi nilijibiwa na ofisi yenu kwamba mhariri aliyehusika ameacha kazi. Naomba safari hii nisijibiwe na Daud.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Mlezi wa klabu ya historia